Swali la Bwana Ninalo

Mjukuu wangu Zaituni alipokuja likizo mara ya mwisho, nilimfulia nguo zake. Alikataa, akasema Bibi pumzika. Nikamwambia nguo za safari hazilazwi na vumbi, nikamnyang'anya begi. Nilipotumbukiza blauzi ya kwanza kwenye beseni, harufu ikapanda pamoja na mvuke wa maji ya moto: magazeti ya zamani yaliyokaushwa juu ya jiko, na zile dawa nyeupe zinazowekwa sandukuni wadudu wasile nguo. Nikakaa pale pale kwenye jiwe la kufulia, povu linanitiririka mpaka viwikoni.

"Bibi, vipi? Presha?"

"Hivi chuo kimekupeleka kufanya kazi gani huko?"

"Si nilikwambia? Kwenye nyumba wanakotunza mimea iliyokaushwa. Tunanakili maandishi yake, tunaingiza kwenye kompyuta."

"Inabanwa kwenye magazeti."

"Ndiyo. Umejuaje wewe?"

Nikamtuma sabuni dukani, na sabuni nzima nilikuwa nimeikalia. Wenzangu wa rika langu mnaijua hiyo mbinu. Mtoto akikuuliza jambo ambalo hujawahi kulisema kwa mdomo, mtume dukani. Lakini harufu haikutoka hata baada ya kusuuza mara tatu, na siku ya tatu nilimsimulia. Hata marehemu mume wangu sikuwahi kumsimulia.

Nilikuwa darasa la tatu. Sisi ni Wazigua wa Handeni, na zamani tulikaa mahali panapoitwa kwa Sefu, jina la babu wa babu yangu. Nyumba nne, michungwa miwili, makaburi, basi. Kisha likaja neno kwamba watu wasikae mmoja mmoja porini, wakae pamoja kijijini, wapate shule na bomba na zahanati. Likaja lori. Wakubwa walipakia milango, vitanda vya kamba na kuku waliofungwa miguu, hakuna anayesema na mwenzake. Bibi, mama yake mama yangu, alipakata jiwe lake la kusagia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa naimba! Sijui mlivyokuwa nyinyi, lakini mimi nilikuwa mtoto wa kufurahia kila kitu. Nyumba zimepangwa mstari kama daftari la hesabu, majirani wako pande zote, bomba halipo mbali. Nikaona tumehamia mjini.

Kwa Sefu pakawa mahame. Kwa miguu ni mwendo wa nusu saa, na Bibi alirudi huko karibu kila siku, kwa sababu dawa zake zilibaki. Mizizi haipakiwi kwenye lori. Na nyumbani kulikuwa na mtu wa kunywa dawa hizo.

Mama alikuwa anaumwa tangu kabla ya kuhama. Sikuambiwa ugonjwa gani, mtoto haambiwi. Nilichokuwa nakiona ni bangili yake. Alikuwa na bangili ya fedha aliyovishwa na Baba siku ya ndoa, na zamani ilimbana mkononi hata ikaacha alama. Tulipohama ilikuwa inateleza mpaka katikati ya mkono. Ilipoanza kufika kiwikoni, Baba, ambaye alikuwa akikata mkonge Korogwe na kuja kila mwisho wa mwezi, alisema apelekwe hospitali. Mama akasema asubiri kwanza, dawa ya Bibi inamsaidia, akiinywa anapata usingizi. Na ni kweli alikuwa anapata.

Dawa yenyewe ilikuwa mzizi wa kimti kifupi kilichoota ubavuni mwa kichuguu, nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Bibi alitafuta kwingine kote hakuiona. Mashina matatu tu, yamesongamana. Nilikuwa namfuata kuchimba, na ndiko nilikofundishwa masharti. Usisimame kivuli chako kikaangukia dawa. Mzizi mmoja upande wa macheo, mmoja upande wa machweo, wa katikati usiuguse. Ukimaliza, fukia shimo, shindilia kwa viganja vyote viwili, ondoka bila kutazama nyuma. Na jina la dawa usilitaje shimo likiwa wazi.

"Kwa nini, Bibi?"

"Shimo la dawa likiachwa wazi linamngoja mtu."

"Mtu gani?"

"Yule unayemchimbia."

Tukishafukia, tukiwa tumeshafika njiani, ndipo alilitaja jina la dawa ile, nami nikalirudia, mpaka likakaa. Alisema siku moja mimi ndiye nitakayewachimbia watu. Mikono yake ilikuwa midogo, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikatwa na panga alipokuwa msichana, kikabaki kipande. Akishindilia udongo, alama yake unaijua palepale: kiganja cha vidole vinne na nusu.

Huo ndio msimu alipokuja Bwana Ninalo.

Jina lake lilikuwa Ndugu Samweli. Kijana mrefu, mpole, wa bara huko mbali, alitumwa na serikali yetu changa kuandika maua yote ya nchi, yanayojulikana na yasiyojulikana. Alikuwa ametoka milima ya Vugiri, upande wa Korogwe, akashuka kwetu na Landrova yenye kelele, mwenyekiti akampa chumba kwenye ghala la kijiji. Wakubwa walimwonea huruma. Mtu mzima, amesoma, ana gari, anatumwa kuchuma majani! Sisi watoto tulilihamia ghala lile.

Alikuwa na fremu mbili za mbao na mikanda ya ngozi. Katikati alipanga mimea, kila mmoja ndani ya gazeti lake, akakaza mikanda kwa goti, akainyanyua fremu juu ya jiko la mafuta ya taa likiwaka kidogo sana. Kila asubuhi alibadilisha magazeti, na yale yenye unyevu aliyaanika kwenye kamba. Nilijifunza kusoma haraka kwa kusoma habari zilizopinduka juu chini kwenye kamba ya Ndugu Samweli. Shingoni alivaa kioo kidogo cha kukuzia, na jicho lake likiwa nyuma ya kioo hakusikia hata akiitwa chakula.

Kabla ya kulibana ua alikuwa analiandika. Kimo cha mmea, ulipoota, utomvu wake, rangi, harufu.

"Rangi si utaiona hapo hapo?" nilimuuliza.

"Likikauka rangi inakwenda. Harufu inakwenda pia. Vitakavyokufa ndivyo ninavyowahi kuviandika."

Alitufundisha pia kutafuta koo za mimea. Alisema usiangalie ukubwa wala umbo la jani, jani linageuka na mvua, tazama ua. Hesabu petali. Angalia kama zimeachana au zimeungana zikafanya kikombe au mrija. Angalia majani yanatoka mawili mawili yakitazamana au yanapishana. Akatuonyesha nyanya na mtunguja ni mtu na dada yake. Niliduwaa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mama, naye alicheka, mara yangu ya mwisho kumsikia akicheka hivyo. "Kumbe tunampika dada yake mtunguja," alisema.

Tukaanza kumletea maua. Kila mtoto na la kwake. Yeye anashukuru, anaweka kioo jichoni, kisha anasema, "Hili ninalo." Lingine, "Hili pia ninalo, ahsante." Hakuwa mkali, ila ndiyo hivyo, kila ua analo. Jina likamganda. Binamu yangu Athumani alikasirika, akachukua ua la mharita akalifunga kwa uzi kwenye kijiti cha muhogo chenye majani, akampelekea na uso mkavu. Bwana Ninalo akatazama, akageuza, akatazama tena.

"Ua ninalo. Majani ninayo. Ila fundi aliyewaozesha hawa wawili, huyo sina."

Tulicheka mpaka mwenyekiti akatufukuza.

Lakini mimi moyoni nilikuwa na neno moja tu. Nilitaka kumsikia akisema "Hili sina," aniambie mimi, mbele ya Athumani au hata bila Athumani. Nilililalia na kuliamkia. Nilimpelekea maua ya mtoni, ya shamba la ujamaa, ya makaburini hata. Ninalo, ninalo, ninalo. Na wakati wote huo nilijua ua moja ambalo hawezi kuwa nalo.

Alasiri moja, Bibi akiwa anamkanda Mama miguu ndani, nilimwendea ghalani.

"Ndugu Samweli, nikikuonyesha usilolijua, utasemaje?"

"Nitasema sina."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa."

Nikampeleka kwa Sefu.

Shina la katikati lilikuwa na maua, meupe, membamba kama mirija, na koo la njano. Mengine mawili yalikuwa na majani tu. Ndugu Samweli alipiga magoti na kioo chake. Jua lilikuwa nyuma yetu limeshuka, na nilikiona kivuli chake kimelala juu ya dawa, na changu juu ya chake. Nilikiona. Nikasogea kidogo, kisha nikarudi ili nione uso wake.

"Petali ngapi?" aliniuliza, hakunitazama.

"Tano. Zimeungana chini."

"Majani?"

"Mawili mawili, yanatazamana."

"Na hapa katikati yao, unaona hiki kijani kidogo kama ulimi? Huyu ni ukoo wa kahawa. Ndugu wa mibuni ya kule milimani." Akafungua daftari, akafunga. Kisha akainuka akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka kwenye michungwa: "Mwanaidi! Hili sina! Sijapata kuliona!"

Basi mimi nikawa sina miguu, nina mabawa. Alichimba shina la katikati na mzizi wake, maana kazi yao inataka mmea mzima, akaufunika haraka kwa gazeti usinyauke, tukarudi mbio. Nilitangulia mbele naimba. Kila aliyenipita nilimwambia nina ua ambalo serikali haina.

Nilikumbuka shimo nikiwa kwenye foleni ya bomba, ndoo kichwani. Nililiona kama nimesimama juu yake: wazi, jekundu, upana wa sufuria. Maji yakanimwagikia mgongoni. Nilitaka kurudi, lakini jua lilikuwa linazama, na mahame jioni si mahali pa mtoto. Nikajiambia kesho, kabla ya shule, nitakwenda kulifukia na hakuna atakayejua.

Jioni ile Bibi alichelewa kurudi. Aliingia na kanga ina vumbi magotini, akasema ametoka kuchuma mboga, na ungo haukuwa na mboga. Alinawa mikono muda mrefu. Sikumwuliza, nilikuwa na langu.

Asubuhi Mama hakuweza kusimama. Bangili ilikuwa imetoka yenyewe, iko kwenye mkeka. Bibi alikwenda mwenyewe ghalani, na Landrova ikaja mpaka mlangoni. Walimlaza Mama nyuma, juu ya magodoro, kati ya zile fremu za mbao zenye maua. Kulikuwa na gunia la magazeti pale, wakamwekea chini ya kichwa. Ndipo harufu ile ilipoingia kwangu isitoke. Nilitazama mbao upande huu na mbao upande ule, mama yangu katikati, mwembamba, rangi imemwondoka, nikajua kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: yeye na dawa yake wamebanwa pamoja, wanaondoka pamoja.

Ndugu Samweli alizunguka gari akanijia. Alichuchumaa usawa wangu.

"Mwanaidi, nina swali la kukuuliza. Ni wewe tu unayeweza kulijibu."

Nikasubiri aseme: kwa nini hukunikumbusha shimo? Lakini Mama aliguna, Bibi akapiga bati la gari kwa kiganja, "Twende, mwanangu, twende," naye akainuka.

"Nikirudi," akaniambia.

Hakurudi. Mama alikaa hospitali ya Korogwe siku mbili. Walimleta kwa lori la mkonge, Baba amekaa nyuma naye, Bibi mbele. Ndugu Samweli, walisema, aliwafikisha akangoja usiku kucha kwenye benchi, kisha kazi ikamwita kwingine.

Siku ya kuanua tanga, wanawake walipokuwa wanafagia uwanja na kukusanya mikeka, nilichukua mpini wa jembe lililokatika nikaenda kwa Sefu peke yangu. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi. Nilijua nimechelewa. Nilichotaka ni kulifukia tu, lisimngoje mwingine. Nilihesabu tuliobaki: Baba, Bibi, mimi.

Shimo lilikuwa limefukiwa.

Udongo wa kichuguu ukilowa ukakauka unashika kama saruji. Mtu aliumwagia maji, akashindilia, na viganja vilikuwa vimekauka pale, wazi kabisa. Kimoja kidogo, vidole vinne na nusu. Basi Bibi anajua, nikasema moyoni, amekuta shimo, amejua ni mimi. Lakini hicho hakikuwa kilichonifanya nitupe mpini nikakimbia. Ubavuni mwa kiganja cha Bibi kulikuwa na kingine. Kikubwa, vidole virefu, kimezama ndani kuliko cha Bibi. Hakuna mtu kwetu mwenye mkono ule. Nikaelewa kwamba mwenye shimo alikuja. Alikuja kuchukua alichokuwa anakingoja, akaligonga shimo kulifunga, kama mtu anavyofunga mlango akishatoka na mzigo wake.

Nilikimbia nikatazama nyuma. Sharti la mwisho, nalo nikalivunja.

Cheko lote likaniisha. Kiganja kile kilikuwa ukutani nikilala, kilikuwa kwenye majivu, kwenye unga uliomwagika. Shuleni nikipakwa chaki nilifuta haraka nisione alama ya mkono. Na swali la Ndugu Samweli lilitembea nami. Kila gari likipita barabara ya Korogwe nilijificha nyuma ya choo, nikidhani anakuja kuniuliza.

Bibi hakunipeleka tena kuchimba dawa. Hakuchimba tena hata yeye, lakini hilo sikulipima, nilipima langu tu: ameniondolea. Hakunikaripia hata siku moja, na kila alivyozidi upole ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mwaka uliofuata trekta la shamba la ujamaa lilifika mpaka kwa Sefu. Walibakisha makaburi. Kichuguu walikisambaza, na mashina mawili yaliyobaki yalikwenda na udongo. Walipanda pamba.

Mara moja tu tulikaribia kusema. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, tunapukuchua mahindi barazani, Bibi na mimi.

"Wewe siku hizi huulizi," alisema.

"Kuuliza nini, Bibi?"

"Chochote. Zamani ulikuwa unauliza mpaka kuku wanahama."

"Nimekua."

Alipukuchua gunzi lote, akalitupa, akachukua jingine. "Yule kijana wa maua," akasema, "alikuwa mtu mzuri." Nikainuka nikasema naangalia moto. Aliniacha niende. Alifariki wakati wa mavuno yaliyofuata, na lile jina la dawa alilonipa nililifungia mdomoni. Sikulitaja hata mara moja. Kwangu mimi lile shimo lilikuwa wazi bado.

Haya ndiyo niliyomweleza Zaituni. Alilia, yule mtoto, ana moyo mwepesi kama nilivyokuwa mimi. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akatoa kalamu.

"Petali ngapi, Bibi?"

"Tano. Zimeungana chini. Majani mawili mawili, katikati kuna kiulimi. Ukoo wa kahawa, alisema."

"Na mahali panaitwa kwa Sefu."

"Kwa Sefu, Handeni."

Alirudi kazini. Zikapita wiki mbili, akanipigia simu mchana. "Bibi, njoo. Nakutumia nauli. Sitaki kukusomea kwenye simu."

Nyumba yenyewe ni ya makabati marefu ya chuma, na ile harufu imejaa mpaka kwenye mapazia. Zaituni alinishika mkono. Alikuwa ameshaweka karatasi mezani karibu na dirisha, ngumu, kubwa kama mkeka wa kuswalia wa mtoto, na juu yake kimeshonwa kwa uzi kimti chetu. Kahawia chote. Maua yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Lakini kwenye pacha ya mzizi udongo wa kichuguu ulikuwa umeng'ang'ania, mwekundu kama siku ile. Kulikuwa na vikaratasi vimebandikwa pembeni, vya mikono mbalimbali. Zaituni alisema wataalamu watatu wameupitia kwa miaka tofauti, wote wamekubaliana na ukoo, hakuna aliyejua aina. Haujaonekana tena popote.

"Na hiki cha kwanza ndicho cha kwake," akasema. "Kimeandikwa Kiingereza. Nikusomee?"

"Soma, mwanangu."

Alisoma polepole, akitafsiri. Kimo cha kimti. Ubavuni mwa kichuguu, kwenye mahame. Maua meupe, koo la njano, yananukia kidogo kama asali. Ameonyeshwa na mtoto Mwanaidi, mwenye macho ya mtafiti. Hapo Zaituni alinitazama, nikamwambia endelea.

"'Nilimpelekea bibi wa mtoto nimuulize jina. Alinirudisha ulipoota mmea jioni ile ile, akanifanya nifukie shimo kwa maji na kushindilia kwa mikono yangu mwenyewe pamoja naye, kama desturi yao inavyotaka.'"

Nilishika ukingo wa meza. Jioni ile ile. Kanga ina vumbi magotini, ungo hauna mboga. Mama alikuwa bado yuko nyumbani, amelala, bangili iko mkononi. Hakuna usiku hata mmoja shimo lile lililala wazi. Na kile kiganja kikubwa kilichonifukuza maisha yangu yote kilikuwa cha kijana mpole aliyepiga magoti akatii alichoambiwa na mwanamke mzee.

"Kuna mstari mmoja bado," Zaituni alisema. "Hapa, kwenye jina la kienyeji. Ndio ulionifanya nisitake simu."

"Soma."

"'Bibi hakulitaja. Amesema mtoto ndiye mwenye dawa sasa, na shimo limeshafukiwa, kwa hiyo yeye atanitajia bila wasiwasi. Nimuulize kesho.'"

Baada ya hapo palikuwa na nafasi tupu.

Sikulia wakati ule, nililia kwenye basi. Pale mezani niligundua nimesimama vibaya, nimeziba dirisha, kivuli changu kimelala juu ya karatasi. Nikasogea pembeni, mwanga ukaufikia mmea wote.

"Chukua penseli," nikamwambia Zaituni.

Nikamtajia. Sauti ilitoka ya kitoto, na neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Aliliandika kwenye ile nafasi, akanisomea, nikamrekebisha herufi moja, akafuta, akaandika tena.